Alikosa penalti moja, sasa tumbo lamuuma kila asubuhi ya mechi

SWALI

Assalam aleykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mvuvi hapa Malindi, baba wa watoto wanne. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa tatu, ana miaka 14 na yuko Gredi ya 8. Mpira ameuanza mdogo, akicheza na kaka zake jioni, miguu mitupu. Mguu wake wa kushoto Mungu amemjalia. Mwaka jana mwalimu wa sekondari moja ya bara alimwona, akaniambia binti akiendelea hivi atasomeshwa bila mimi kutoa shilingi. Unajua uvuvi, Bi. Kusi ikiingia tunakaa nchi kavu wiki nzima, na karo haingoji upepo.

Muhula wa pili timu yao ilifika nusu fainali ya kaunti ndogo. Dakika zikaisha sare, wakaingia kwenye penalti, na yeye akachaguliwa kupiga ya mwisho. Mimi nilikuwa nyuma ya goli na wenzangu wa dikoni, pale tunapoteremshia samaki. Nikawaambia kwa sauti, "Huyu wangu hakosi." Akapaisha. Mpira ulipita juu ya mwamba ukaenda mpaka barabarani.

Tukirudi nyumbani kwenye tuktuk nilimweleza makosa yake njia nzima. Sikumtukana. Nilimwambia tu alivyoinamisha kichwa, alivyoukimbilia mpira mara refa alipopuliza, alivyoegemea nyuma. Hakunijibu neno.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya mechi tumbo linamuuma. Anakwenda chooni mara tano, na mara mbili ametapika. Hospitali wamempima, hawakuona ugonjwa. Kocha anasema ana moyo mwepesi, na akikosa penalti mazoezini humzungusha uwanja mara kumi. Mamangu anasema ni kijicho, kwa sababu nilimsifia mbele ya watu. Amemfanyia kombe, aya zilizoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, mtoto amekunywa, na mechi iliyofuata tumbo likauma vilevile. Mke wangu anataka aachwe apumzike. Mimi naona tukimwacha atazoea kukimbia kila kilicho kigumu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma. Humtajia Faith Kipyegon, yule mkimbiaji wetu, nikamwambia yule ana mtoto na bado anakimbia na kushinda, wewe waogopa mpira?

Juzi alinijibu, "Baba, mimi sitaki tena." Kisha akasema njumu zake apewe mdogo wake.

Wiki mbili zijazo kuna mashindano ya vijana wa mitaa pale uwanja wa Alaskan na jina lake liko kwenye orodha. Nifanyeje awe na moyo mgumu?

Baba wa watoto wanne, Malindi


JIBU

Wa aleykum salaam, ndugu yangu.

Njumu zile usimpe mdogo wake bado. Zitie mfukoni, uzitundike mahali anapoziona, na kwa siku saba usimuulize habari zake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na huyo mwenye moyo mwepesi sijamwona. Nimemwona msichana wa miaka 14 aliyeondoka katikati ya uwanja peke yake, watu wamejaa, baba yake amesimama nyuma ya goli, akauweka mpira chini na kuupiga. Kuna watu wazima wasioweza hayo. Kilichomlemea siku ile ni mzigo uliokuwa juu ya mpira, na mzigo huo, baba, wewe ndiye uliyemtwika. Nakwambia waziwazi kwa sababu mtu asiyempenda mwanawe hakai chini kuandika barua kama yako.

"Hakosi." Unadhani hakulisikia? Mtoto huitambua sauti ya baba yake hata ikiwa katikati ya sauti mia. Kuanzia neno lile hakuwa tena akipiga penalti, alikuwa akilinda heshima yako mbele ya wavuvi wenzako. Na nyuma ya heshima kuna karo. Hesabu yote anaijua: kusi, chombo kilichofungwa ufuoni, mwalimu wa bara na ahadi yake. Watoto wa nyumba zetu ndogo husikia kila kitu kupitia pazia. Kwa hiyo mpira uliotoka mguuni kwake ulikuwa na bei ya sekondari ya miaka kadhaa, na mguu wa miaka 14 ukaambiwa uubebe kwa hatua tano.

Sikukatazi kumsifu mwanao. Nakuomba ubadilishe unachokisifu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa shule ya msingi. Baada ya kufaulu fumbo la kwanza, wengine waliambiwa wamefaulu kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili ndio waliokata tamaa upesi, na hata raha ya kazi ile ikawatoka. Waliosifiwa bidii waliendelea kujaribu. Sababu yake naiona hivi: mtoto akiambiwa yeye ni hodari, siku akishindwa huona uhodari wenyewe ulikuwa uongo. Akiambiwa amefanya bidii, siku akishindwa bado ana la kufanya kesho yake. Mguu wa kushoto aliupewa na Mungu kama ulivyosema. Jioni zote alizocheza miguu mitupu ni zake mwenyewe. Zisifu hizo.

Nije kwenye tumbo. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, na damu hupunguka tumboni ikakimbilia kwenye misuli, kana kwamba mtu anajiandaa kupigana au kukimbia. Tumbo huvurugika, ndiyo kisa cha choo mara tano na kutapika. Hospitali hawakuona ugonjwa kwa sababu hauko, lakini maumivu anayoyasema ni ya kweli kabisa. Usimwambie anajifanya. Mwambie hivi: "Huo ni mwili wako unajiweka tayari, umezidisha tu." Mtoto akijua jina la kile kinachomtokea, nusu ya hofu hupungua, maana sehemu ya hofu yake ni kudhani ana ugonjwa usiojulikana au kwamba yeye peke yake ndiye aliyeumbwa hivyo.

Nyanyake usimvunjie heshima. Kombe lake ni dua, na mtoto anayejua nyanyake amekesha akimwombea amepata kitu. Mwombe jambo moja tu, asiseme mbele ya mtoto kwamba kuna mtu amemfanyia. Mtoto akiamini jicho la watu ndilo lililoupaisha mpira, atawaogopa watazamaji maisha yake yote, na mpira hauchezwi bila watazamaji.

Kuna la kike pia, umwachie mamake. Umri huu ni wa hedhi, na wasichana wengi huogopa bukta nyeupe ya timu kuliko wanavyomwogopa beki. Mamake amuulize wakiwa wawili. Huenda si hilo, lakini likiwa ndilo, mimi na wewe tungeandikiana kurasa kumi bila kulifikia.

Sasa nikuulize wewe mvuvi. Kijana wako wa kwanza ulipomchukua baharini, ulimtoa siku gani? Siamini ulimtoa Juni, kusi ikivuma. Ulimtoa Februari, kaskazi imetulia, mkabaki upande wa ndani wa mwamba wa bahari ambako nyumba zinaonekana. Ulimshikisha usukani mkono wako ukiwa karibu. Alipotapika hukumrusha majini ili awe mgumu. Ulimpa ndimu anuse, ukamwambia aangalie mbali, na kesho yake ukamchukua tena. Leo anavuka mwamba peke yake, na anavuka kwa sababu ya zile siku za maji tulivu. Kwa binti yako mmeruka Februari yote. Mmemtoa katikati ya kusi, akatapika, na kocha akamrusha majini.

Moyo unafanyishwa mazoezi kama mguu, kwa hatua. Siku za mwanzo apige penalti na kipa peke yake, jioni, hakuna anayehesabu. Akishazoea, apige akiwa amechoka baada ya kukimbia, maana ndivyo inavyokuwa kweli. Kisha wenzake wasimame mstari wa katikati wakimtazama kimya. Kisha wapige kelele, wamzomee hata, mradi yeye amekubali na anajua ni mazoezi. Mwisho kabisa uje wewe, usimame kando. Atakosa nyingi katika hatua hizo zote, na kila akikosa apige nyingine bila hotuba.

Na hapa nikupe haki yako. Ulimwambia aliukimbilia mpira mara refa alipopuliza. Uliona sawasawa! Mtafiti mmoja wa Norway, Geir Jordet, amechunguza penalti za mashindano makubwa likiwemo Kombe la Dunia, na akakuta wachezaji wanaouendea mpira papo hapo filimbi ikilia hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda. Mtu huharakisha kwa sababu anataka dakika ile mbaya iishe. Mwanao hakuwa mzembe, alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Jicho lako lilikuwa zuri, saa uliyoitumia ndiyo mbaya. Kwenye tuktuk, machozi yakiwa yamemjaa kooni, mtoto hasikii somo. Anasikia kwamba baba amechukia.

Mfunze basi kwamba filimbi ni ruhusa, si amri. Refa akishapuliza, mpira ni wake. Auweke kwa mikono yake mwenyewe, arudi nyuma hatua anazozijua, avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hutulia kidogo. Kisha achague pembe, asiibadilishe, ndipo aende. Ajichagulie na neno lake la kujiambia wakati huo, neno lolote, hata kama kwako halina maana. Mambo hayo ayafanye kila mara kwa mpangilio uleule, kwa penalti ya mazoezi na ya fainali, hadi mwili uyajue wenyewe. Sijasema hatakosa tena. Nimesema atakuwa na cha kufanya katika zile sekunde badala ya kusikiliza tumbo.

Kuhusu kocha nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nilikuwa kama yeye. Miaka mingi nilifundisha mpira wa pete hapa hapa pwani. Nilikuwa na mfungaji mmoja, msichana mtulivu. Fainali moja alikosa mara tatu mfululizo, nikamsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia ametuangusha. Hakurudi mazoezini. Miaka baadaye nilikutana naye sokoni na mwanawe wa kike. Alinisalimia vizuri. Yule mtoto akamuuliza, "Mama, kwani wewe ulikuwa ukicheza?" Akamjibu, "Hapana." Jibu lile bado ninalo.

Kumzungusha mtoto uwanja kwa sababu amekosa penalti hakumfunzi kupiga penalti. Kunamfunza kwamba mpira ukienda nje adhabu inakuja, na mtu anayesubiri adhabu hupiga kwa mguu uliokakamaa. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walitumia miaka mingi kuwatazama makocha wa watoto. Katika utafiti wao mmoja uliochapishwa mwaka 1992, makocha wa timu za watoto za besiboli walipewa mafunzo ya saa chache tu: sifu juhudi, mtoto akikosea mtie moyo kisha mwelekeze, acha adhabu na kejeli. Msimu uliofuata, watoto walioacha mchezo chini ya makocha hao walikuwa asilimia 5. Chini ya makocha wasiofunzwa walikuwa asilimia 26. Saa chache za mafunzo, ndugu yangu.

Usiende kumgombeza. Mkaribishe kahawa jioni, mbali na wachezaji, na anza na la kwako. Mweleze ulichosema nyuma ya goli na ulichofanya kwenye tuktuk. Mtu akimsikia mwenzake akikiri, naye hulegea. Kisha mwombe mambo mawili: mtoto akikosa aambiwe cha kurekebisha kwa sentensi moja badala ya kuzungushwa, na kwa sasa penalti za mechi apige mwingine mpaka binti mwenyewe aombe. Huenda kocha atasema anamlea. Mwambie unajua, na unashukuru. Makocha wetu wengi hujitolea kwa nauli yao wenyewe na hakuna aliyewahi kuwafunza haya.

Umemtaja Faith Kipyegon. Mtaje, lakini umtaje mzima. Agosti 5, 2024, kule Paris, alimaliza wa pili mbio za mita 5,000, akaondolewa kwa kusukumana na mwenzake, medali ikachukuliwa, kisha rufaa ikairudisha usiku uleule. Siku tano baadaye alishinda mita 1,500 kwa dakika 3:51.29, rekodi ya Olimpiki, dhahabu yake ya tatu mfululizo katika mbio hizo. Msimulie mwanao na ule usiku wa kwanza pia. Ukimpa ushindi peke yake unamwonyesha mtu wa chuma, naye anajijua ni wa nyama.

Je, aache? Mkeo ana haki na wewe una haki, na mnabishana kwa sababu mnamjibia mtu ambaye hamjamuuliza. Anaposema "sitaki tena," hamjui anakataa nini: mpira, penalti, kocha, au ile tuktuk. Muulizeni hivyo hivyo, kwa vipande. Akisema hataki mpira wenyewe, mpumzisheni, na mlango ubaki wazi. Nadhani, kwa mtoto aliyecheza miguu mitupu tangu mdogo, jibu litakuwa jingine. Lakini likiwa hilo, lipokee. Karo ni deni lako na la mkeo. Nafasi ya sekondari ikija kwa mguu wake, alhamdulillahi. Isipokuja, asijione ndiye aliyeizuia.

Kuna jambo jingine ambalo moyo wangu hautanipa nafasi nisilitaje. Mtoto wa kike anayeumwa tumbo kila siku ya mechi na kutaka kuacha ghafla, mzazi amuulize pia kama kuna mtu yeyote kwenye timu, kwenye safari, au njiani, anayemwogopa. Simshuku yeyote. Muulize tu, wewe au mamake, kwa utulivu, na mwambie lolote atakalolisema hatapigwa wala hatalaumiwa. Likiwepo, simu ya watoto ni 116, haina malipo, mchana na usiku. Namba hiyohiyo, au mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, itumieni pia ukiona hapati usingizi, hataki kula, anajitenga, au anasema maneno ya kutotaka kuishi.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo gumu. Kwetu baba hamwombi mtoto radhi kirahisi. Nakuomba ufanye hivyo mara moja. Si lazima iwe sherehe. Siku mkiwa mnashona nyavu au mmekaa barazani, mwambie: "Siku ile nilisema wewe hukosi. Nilikosea. Mimi mwenyewe nimerudi na nyavu tupu mara ngapi?" Mara ngapi, baba? Na siku hizo ulipofika mlangoni, harufu ya bahari na mikono mitupu, mkeo alikuuliza kwanza samaki wako wapi, au alikuwekea chakula? Mwanao amekuwa akiyaona hayo tangu anatambaa. Anataka kujua kama kwenye nyumba hiyohiyo kuna sahani ya aliyekosa penalti.

Akikubali kucheza pale Alaskan, usisimame nyuma ya goli. Kaa upande wa mbali pamoja na mamake, na wale marafiki wa dikoni waache dikoni. Asubuhi apewe chakula chepesi mapema, muda wa masaa matatu kabla ya mechi, siyo mahamri manne na tumbo tayari linacheza. Mpira ukianza, mpigie makofi yeyote aliyefanya vizuri, hata wa timu nyingine. Baada ya filimbi ya mwisho, rudini kwa miguu kama mwendo si mrefu. Ukishikwa na hamu ya kumrekebisha, inunulie hamu hiyo viazi karai, mle wote wawili. Akitaka kuzungumza mechi ataanza yeye. Asipoanza, yale ya ufundi yangoje siku mbili, ayapate kwa kocha.

Kisha niandikie. Matokeo usiniambie. Niambie mlizungumza nini njiani.